Mshairi Ndani ya Joho

Tunapozungumza juu ya tamthilia katika utamaduni wa taifa, aghalabu tunaanza na zile tulizozitunga wenyewe, na ni haki iwe hivyo. Ngoma, majigambo na ngano za jioni zilikuwa na watazamaji wake kabla jukwaa la mbao halijaletwa. Lakini fasihi yetu ya jukwaani haikukua kwa kujifungia ndani. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia na kuitoa upya mwaka 1969, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Mwaka huo huo wa 1969 ndio uliotuletea Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Sidhani kuwa ilikuwa bahati tu kazi hizi kutoka pamoja. Lugha iliyokuwa ikijipima nguvu kwa kubeba mzigo wa wengine ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiinua mzigo wake yenyewe.

Nayatanguliza haya kwa sababu ya swali tuliloulizwa, mimi na wenzangu wa kikundi kimoja cha ridhaa hapa Dodoma, tulipotangaza kuwa tutaucheza mchezo wa Bertolt Brecht uitwao Maisha ya Galileo. Tuliulizwa: Galileo anatuhusu nini? Muulizaji alikuwa mtu mwenye nia njema, na hoja yake ilikuwa kwamba nchi hii ina mashujaa wa kutosha wasiochezwa bado. Nadhani Kinjeketile mwenyewe ndiye aliyemjibu, lakini hilo litakuja mahali pake.

Kikundi chetu kina watu kumi na wanane. Wengi ni watumishi wa idara mbalimbali za serikali. Wako walimu watano, muuguzi mmoja, katekista mmoja na fundi cherehani. Hakuna anayelipwa. Mazoezi yalianza saa kumi na moja jioni, baada ya kazi, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari, na tuliyaendesha kwa miezi mitano. Tafsiri tuliifanya kwa pamoja kutoka Kiingereza, na kijana mmoja wetu aliyejifunza Kijerumani akatuangalizia pale palipokuwa na mashaka.

Yafaa mwanafunzi ajue jinsi mchezo wenyewe ulivyozaliwa. Brecht alikuwa mshairi na mtunzi wa Kijerumani aliyeikimbia nchi yake mwaka 1933, baada ya Hitler kushika madaraka. Aliuandika mchezo huu uhamishoni Denmark katika miaka ya 1938 na 1939, na ukachezwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1943. Unaeleza maisha ya Galileo Galilei tangu alipoielekeza darubini angani kule Padua na kuona, mnamo Januari 1610, vinyota vinavyoizunguka sayari ya Mshtarii. Kama viko vitu vinavyoizunguka Mshtarii, basi si kweli kwamba kila kitu mbinguni huizunguka dunia. Jambo hilo dogo la vinukta vinne ndilo lililomfikisha mbele ya mahakama ya Kanisa huko Roma, ambako tarehe 22 Juni 1633, akiwa na umri wa miaka 69, alipiga magoti na kuikana elimu yake. Alikaa chini ya ulinzi nyumbani kwake mpaka alipokufa mwaka 1642.

Brecht hakuandika historia tupu, na mwalimu atakayeutumia mchezo huu darasani hana budi kuwaambia wanafunzi mahali mtunzi alipojipa uhuru. Kijana Andrea Sarti, mwanafunzi mpenzi wa Galileo, ni wa kubuni. Virginia, binti wa Galileo, katika mchezo huchumbiwa, uchumba ukavunjika, akabaki kumtunza baba yake uzeeni. Virginia wa historia alipelekwa katika nyumba ya watawa angali msichana mdogo, akaitwa Maria Celeste, akafa mwaka 1634, kabla ya baba yake. Mimi humsikitikia zaidi huyu wa historia.

Lugha haikutusumbua pale tulipoogopa. Darubini, falaki, sayari, Zuhura, Zohali, Mshtarii: maneno haya yamo katika Kiswahili tangu zamani, na wengine wetu tuliyasikia katika mashairi kabla hatujayaona katika kitabu cha sayansi. Neno lililotugharimu jioni mbili nzima lilikuwa jingine kabisa. Galileo alifanya nini pale Roma? Mwalimu wa fizikia, ambaye ndiye aliyecheza Galileo, alipenda tuseme alitangua kauli yake, kwa maana neno hilo humwachia mtu heshima kidogo. Mwingine akapendekeza kutubu. Katekista wetu akakataa: kutubu ni kwa aliyekosa, na mbele ya Mungu. Hatimaye mwongozaji, mama mmoja mwalimu wa Kiswahili, alisema neno ni kukana. Mtu hukana deni, hukana mtoto, na Petro alimkana Bwana wake kabla jogoo hajawika. Hakuna aliyebisha tena.

Kuna onyesho moja ambalo lilitufanya tuone kuwa mchezo huu ulikuwa ukitungojea sisi. Wanazuoni wa Florence wanakuja nyumbani kwa Galileo kutazama darubini. Wanaanza kujadili kwa Kilatini, lugha ya elimu. Galileo anawaomba watumie lugha ya kila siku, kwa sababu mwenzake Federzoni, fundi anayesugua vioo vya darubini, hajui Kilatini. Mwanafalsafa analalamika kwamba kwa lugha hiyo hoja zake zitapoteza uzuri. Sasa, Kilatini tungekitamka vipi mbele ya wanafunzi wa Dodoma? Mwongozaji aliamua wanazuoni waanze kwa Kiingereza. Sijapata kusikia kicheko kama kile kilichoangusha ukumbi siku ya onyesho. Vijana walikuwa wakijicheka wenyewe na kutucheka sisi walimu na maafisa wao, maana masomo ya sayansi katika sekondari zetu yamefundishwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na akina Federzoni wamejaa madarasani wakinakili ubaoni wasichokielewa.

Nisieleweke vibaya. Galileo mwenyewe hakuwa adui wa Kilatini. Kitabu chake cha mwaka 1610 alikiandika kwa lugha hiyo ili kiwafikie wataalamu wa Ulaya yote. Lakini kile kitabu cha mwaka 1632, kilichomletea mashtaka, alikiandika kwa Kiitaliano, lugha ya watu wake. Alijua lipi la kumwambia nani. Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliniambia baada ya zoezi moja kwamba katika maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kueleza miezi ya Mshtarii kwa lugha anayoiotea ndoto. Katika onyesho la kwanza, pale ambapo Galileo anamweleza mtoto Andrea kuwa dunia ndiyo izungukayo, alimketisha Andrea juu ya kigoda, akaweka kandili sakafuni liwe jua, akamwinua mtoto na kigoda chake na kumzungusha. Maneno alitakiwa ayaseme kama yalivyoandikwa. Kila jioni aliyaongezea, na kila jioni mwongozaji alimkataza, mpaka mwisho akamwacha.

Mimi nilipewa nafasi ya Kardinali Maffeo Barberini, ambaye baadaye anakuwa Papa Urbano wa Nane. Nilipokubali sikujua mengi juu yake, nilipomsoma nilishtuka. Barberini alikuwa mshairi. Alitunga kwa Kilatini, na mwaka 1620 alimpelekea Galileo shairi lenye kumtaja kwa sifa, shairi ambalo kichwa chake chaweza kutafsiriwa kuwa Sifa Zinazodhuru. Alipochaguliwa kuwa Papa mwezi wa Agosti 1623, wapenda elimu walishangilia. Galileo alimtunukia kitabu chake cha mwaka huo, na mwaka 1624 akaenda Roma, akapokewa naye mara sita. Miaka tisa tu baadaye mtu huyo huyo aliruhusu rafiki yake apigishwe magoti. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba katika kitabu cha mwaka 1632 Galileo aliiweka hoja aipendayo Papa kinywani mwa Simplicio, yule katika mazungumzo ambaye kila mara hushindwa. Washairi tutaielewa sababu hiyo upesi kuliko wanahistoria. Hatupendi kabisa kugeuzwa wajinga ndani ya kazi ya mwenzetu.

Onyesho la kumi na mbili linamwonyesha Papa akivikwa mavazi ya cheo chake. Mkuu wa mahakama ya Kanisa yupo chumbani, na nje zinasikika nyayo za watu wengi wakipita. Mwanzoni Papa ni Barberini tu, mtu wa hesabu, na anakataa katakata: hawezi kuzivunja jedwali za hesabu. Mwenzake anazungumza kwa upole. Anaeleza jinsi shaka ilivyoenea, na kwamba mabaharia wanazitaka ramani za nyota za Galileo na haiwezekani kuwanyima. Wakati wote huo wahudumu wanaongeza vazi juu ya vazi. Vazi la mwisho linapovaliwa, Papa anakubali: Galileo aonyeshwe vyombo vya mateso, lakini aonyeshwe tu. Mwenzake anaridhika, kwa sababu anajua kuwa Galileo ni mtu anayeelewa vyombo.

Hapa ndipo mimi na mwongozaji tulipotofautiana. Yeye alitaka Papa abadilike kwa hasira, apaze sauti, ili wanafunzi waone udhalimu. Mimi nilitaka sauti ishuke. Nimefanya kazi serikalini zaidi ya miaka thelathini, nikianza na ukarani wa masijala, na sijaona cheo kikimbadilisha mtu kwa kelele. Humbadilisha kwa lugha. Mtu aliyekuwa akisema “naona” huanza kusema “ofisi hii inaona”. Aliyekuwa akikuambia habari mwenyewe hukuandikia kuwa “nimeelekezwa nikujulishe”. Nimeziandika barua za namna hiyo zisizo na idadi, na sizionei haya, kwa kuwa serikali si mtu mmoja na haifai izungumze kama mtu mmoja. Mwananchi anayeomba hati ya kiwanja hahitaji kujua kama karani ameamka na furaha au na huzuni. Joho lina kazi yake. Linamkinga mwananchi dhidi ya mapenzi na chuki za afisa. Lakini joho hilo hilo linaweza kumkinga afisa dhidi ya jambo analolijua kuwa kweli, na kutoka nje huwezi kutambua ni kinga ipi inayofanya kazi siku hiyo.

Nilimwambia mwongozaji hayo yote, naye akanijibu, “Mzee, hiyo ni insha. Jukwaani nioneshe.” Basi tukafanya hivi. Fundi cherehani wetu alitengeneza mavazi tisa: kanzu nyeupe iliyotokana na shuka, mshipi, stola mbili, na kuendelea hadi joho kubwa jekundu lililokuwa pazia la dirisha, na kofia ndefu juu ya yote. Niliyahesabu mavazi wakati nikivikwa. Kwa kila vazi niliondoa kitu kimoja: kwanza mikono ikaacha kucheza, kisha shingo ikaacha kugeuka, kisha kicheko, kisha nikaacha kumtazama mwenzangu usoni. Kofia ilipowekwa sikuwa na kitu cha kuondoa ila neno “hapana”. Mazoezi ya siku hiyo yalipokwisha mwongozaji alikaa kimya kidogo, akaniambia onyesho libaki hivyo, kisha akamwagiza fundi aongeze uzito kwenye joho, kwa sababu lilikuwa likipepea.

Jambo la Kanisa lilitufikirisha, na lingekuwa utovu wa adabu kulipita bila kulifikiria, kwani karibu nusu ya kikundi ni Wakatoliki. Katekista ndiye aliyetutuliza. Alitukumbusha kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani mwaka 1992 makosa yaliyotendwa dhidi ya Galileo. Kwa hiyo Kanisa lenyewe limekwisha kulisema jambo hili, na sisi hatukuwa tukifichua siri ya mtu. Brecht naye alionya katika maelezo yake kwamba Kanisa katika mchezo huu lichezwe kama mamlaka tu, na lisifanyiwe dhihaka. Onyo hilo tulilishika. Katekista alicheza nafasi ya mkuu wa mahakama, na ndiye aliyekuwa mpole kuliko sisi sote.

Onyesho la sikukuu ya mitaani, ambamo waimbaji wanayaeneza mafundisho ya Galileo kwa wimbo, nililitungia maneno mapya kwa mtindo wa ngonjera, tukaongeza zeze. Katika mji alikotoka Mathias Mnyampala, aliyeufikisha mtindo huo mbali kuliko mtu yeyote, tusingethubutu kufanya vinginevyo. Watu walicheza na kupiga makofi. Sina zaidi la kusema juu ya sehemu hiyo ila kwamba mpiga zeze alisifiwa kuliko mshairi.

Tulicheza usiku wa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 2023, mkesha wa Siku ya Mwalimu Nyerere. Waliofika walikuwa wanafunzi wa vidato vya juu kutoka shule tatu, walimu wao, na baadhi ya watumishi wenzetu na familia zao. Ukumbi ulikuwa na joto kali, na viti havikutosha.

Kilele cha mchezo ni onyesho ambalo Galileo mwenyewe hayupo. Wanafunzi wake wanangoja. Wameambiwa kuwa akikana, kengele ya San Marco italia saa kumi na moja. Virginia yuko pembeni anasali ili baba yake akane, apone. Saa inapita, kengele haikulia, na wanafunzi wanakumbatiana kwa furaha. Kisha inalia. Sisi hatukuwa na kengele ya kanisa. Tulichokuwa nacho ni kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwarobaini nje ya ukumbi, ambacho hugongwa asubuhi kuwaita wanafunzi mstarini. Zamu ya kukigonga alipewa mwanafunzi mmoja wa shule ile. Alipokigonga, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, ningali na kanzu yangu nyeupe, nikaona safu nzima za vijana zikishtuka na kukaa wima, kama watu waliotajwa majina. Wengine walikuwa wamekwisha kusimama nusu kabla hawajakumbuka kuwa ni usiku na kwamba kengele hii ni ya Galileo.

Anaporudi, mzee yule amebadilika kiasi kwamba wanafunzi wake karibu hawamtambui. Yanafuata majibizano kati yake na Andrea juu ya mashujaa, ambayo yamenukuliwa mahali pengi sana, nami sitayarudia. Mwalimu wetu wa fizikia aliyasema kwa sauti ndogo mno. Waliokaa nyuma hawakuyasikia. Alipoambiwa baadaye, alisema mtu aliyetoka mahali pale asingekuwa na sauti ya kuwafikia waliokaa nyuma.

Tulikuwa tumetenga nusu saa ya mazungumzo baada ya mchezo. Yalikwenda karibu saa mbili. Msichana mmoja wa kidato cha sita alisimama, akatuamkia, akasema alikuwa na neno juu ya Kinjeketile. Walimu wanaufahamu mwisho wa tamthilia ile. Historia inatuambia kuwa Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein anamweka hai mpaka baada ya kushindwa, na anamweka mbele ya afisa wa Kijerumani anayemtaka aseme kuwa maji yale yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa. Anajua kuwa watu wamekufa kwa kuamini kuwa risasi haziwadhuru. Lakini akiyakana maji, watoto watakaozaliwa wataambiwa kuwa hata kupigana kwa baba zao kulikuwa makosa.

“Sasa,” akasema yule msichana, “Kinjeketile alijua kuwa maji hayazuii risasi, na hakukana. Galileo alijua kuwa dunia inazunguka, na alikana. Nani kati yao aliyesema kweli?”

Mwalimu wa fizikia alijaribu kujibu. Alisema kweli ya Galileo haikuhitaji mtu wa kuifia. Dunia iliendelea kuzunguka siku ile alipopiga magoti, na ingezunguka hata kama angechomwa moto. Kweli ya Kinjeketile ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa ndani ya watu, na kama mtu mmoja angeiachilia ingeanguka. Ndiyo maana, alisema, Galileo angeweza kukana akabaki hai, akaandika. Na aliandika: kitabu chake kikubwa juu ya mwendo na nguvu za vitu kilitoroshwa kikachapishwa Leiden mwaka 1638, na bila kitabu hicho sayansi ya fizikia isingeendelea jinsi ilivyoendelea. “Mwalimu aliye hai hufundisha,” alimaliza, na walimu wengi ukumbini walipiga makofi.

Yule msichana hakukaa. “Shikamoo tena, Mwalimu,” alisema, watu wakacheka. “Lakini yule Federzoni? Yeye hakuweza kusoma kitabu kilichokwenda Leiden. Alichokuwa nacho ni mwalimu wake tu.”

Nakiri kuwa niliupenda mchezo huu zaidi kuanzia dakika ile. Msichana alikuwa amelifikia mwenyewe jambo ambalo Brecht alilifikia kwa njia ndefu. Katika nakala ya kwanza, ile ya Denmark, Galileo ni mzee mjanja: anakana mdomoni na kuandika gizani, na kazi yake inavushwa mpaka ndani ya vazi la Andrea. Brecht alikuwa bado akiushughulikia mchezo huo, huko Marekani, pamoja na mwigizaji Charles Laughton, bomu la atomi lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baada ya hapo hakuweza kumwacha Galileo ajisifu kwa ujanja. Katika nakala iliyochezwa Los Angeles mwaka 1947, na katika ile ya mwisho aliyokuwa akiifanyia mazoezi Berlin kabla ya kufa kwake mwaka 1956, Galileo anamkatalia Andrea kila sifa na kujihukumu mwenyewe. Aliikabidhi elimu kwa wenye nguvu waitumie, waifiche au waitumie vibaya, kama wapendavyo. Na wanasayansi waliomfuata walijifunza kwake.

Hapo mwalimu wa historia, aliyekuwa amenyamaza usiku wote, akasema jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui. Aliuliza ukumbi kama kuna anayejua madini ya bomu la Hiroshima yalitoka wapi. Sehemu kubwa, alisema, ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulioko Katanga, nchini Kongo, ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Wabelgiji. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani zisafirishwe hadi New York, na huko ndiko Wamarekani walikokuja kuyachukua walipoanza kazi ya bomu. Vitabu vingi vinamtaja Sengier kwa jina. Waliochimba mawe hayo hawatajwi. Na lugha ya kambi za wachimbaji wa Katanga, alisema mwalimu, ilikuwa Kiswahili.

Ukumbi ulinyamaza. Yule aliyetuuliza Galileo anatuhusu nini alikuwapo, safu ya tatu. Sikumtazama.

Muuguzi, aliyecheza Mama Sarti, mtunza nyumba wa Galileo, ndiye aliyevunja kimya. Alisema katika mchezo huu mzima watu wanabishana juu ya mbingu, na yeye kazi yake ni kuleta maziwa na kuuliza nani atalipa. Na kwamba mtu kama huyo angekuwepo pale New York labda angeuliza mawe yale ni ya nini. Sijui kama ni kweli. Makofi aliyapata.

Tulipotoka nje ilikwisha kugonga saa nne. Mwezi haukuwapo usiku ule, na anga la Dodoma mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, huwa safi kama maji ya mtungi. Upande wa mashariki Mshtarii ilikuwa imepanda juu ya mabati ya madarasa, ikiwaka bila kupepesa. Mwalimu wa fizikia alikuwa na darubini yake ya macho mawili, ya kutazamia ndege, iliyochakaa. Akaweka viwiko juu ya paa la gari la shule ili mikono isitetemeke, akatazama, kisha akamwita yule msichana wa kidato cha sita. Mstari ukajipanga wenyewe nyuma yake. Wengine waliona vinukta viwili, wengine vitatu, wengine hawakuona kitu wakasema wameona. Mlinzi wa shule alikuja kutuambia kuwa anataka kufunga lango, kwa kuwa muda aliopewa ulikwisha kupita. Mwalimu alimpisha, akamwonyesha pa kuweka viwiko. Mlinzi akaegemeza rungu lake kwenye gurudumu, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko sisi sote, huku dereva akiwa amekwisha kuwasha injini na gari likitikisika.

“Zimeni gari,” alisema mlinzi, bila kuinua kichwa.